AFYA YETU: Mkiwapeleka watoto kutembea Dar es Salaam



Likizo ya mwezi wa sita inakaribia, na katika jumuiya ndogo ndogo nimesikia familia kadhaa zikipanga kuwapeleka watoto kuuona mji wa Dar es Salaam. Ni jambo jema. Mtoto wa huku kwetu nyanda za juu, aliyezoea mashamba ya viazi na ukungu wa asubuhi, akiiona bahari kwa mara ya kwanza hunyamaza kimya. Maswali huja baadaye, tena mengi. Sitaki kumkatisha tamaa mzazi yeyote. Nataka tu tujifunze kutokana na mtoto mmoja ambaye sisi hospitalini hatukumsaidia mapema kama ilivyotupasa.

Alikuwa mvulana wa darasa la pili. Wazazi wake walimpeleka Dar es Salaam wakati wa likizo, wakafikia kwa shangazi yake na kukaa siku tisa. Walirudi wote wazima. Siku ya kumi na moja tangu warudi, mtoto akashikwa na homa, kichwa kikamuuma, akatapika mara moja. Baridi ilikuwa kali na mafua yalikuwa yamejaa kijijini, kwa hiyo mama akampa panado na kumfunika blanketi. Kesho yake wakamleta kwetu, na mimi ndiye niliyempokea. Nilimpima joto, nikamtazama koo, nikauliza habari za kukohoa, kuharisha na chanjo. Swali moja sikuuliza: "Mmetoka safarini?" Nao hawakulisema, maana safari ilikwisha na waliona haina uhusiano. Akarudi nyumbani na dawa ya kifua.

Usiku wa siku ya nne ya homa alirudishwa akiwa na degedege, hajitambui. Damu yake ilikuwa imejaa vimelea vya malaria. Tulimchoma sindano za artesunate, tukampa sukari kwa mshipa, tukamwongezea damu. Alipona, lakini tangu hapo hupata kifafa na anameza dawa kila jioni. Mama yake tukikutana kwenye Misa hunisalimia vizuri tu. Mimi ndiye ninayekumbuka.

Kwa nini wenzake hawakuugua?

Shangazi wa mtoto huyo alishangaa sana. Wanawe walilala chumba kimoja na mgeni, waliumwa na mbu wale wale, wala hawakuugua. Watu husema huo ni mkono wa mtu. Sivyo. Mtu anayeishi mahali penye malaria, akiumwa na mbu mara kwa mara miaka mingi, mwili wake hujenga kinga kidogo. Haimkingi asiambukizwe, ila humsaidia asizidiwe upesi. Watoto wa Njombe, Makete au Mafinga hawana kinga hiyo, kwa sababu huku juu baridi humzuia mbu wa malaria kustawi na kimelea kukomaa ndani yake. Baridi hiyo hiyo ni baraka yetu tukiwa nyumbani, na udhaifu wetu tukishuka pwani. Tena si watoto peke yao: baba mwenye miaka arobaini ambaye hajawahi kuugua malaria naye aweza kuzidiwa vibaya.

Jambo la pili ni siku. Mbu anayebeba malaria akimuuma mtoto leo, mtoto haugui leo wala kesho. Vimelea huenda kwanza kujificha katika ini kwa muda wa juma moja hivi, ndipo vinapoingia katika damu. Kwa kawaida homa huanza siku ya 7 hadi ya 14 baada ya kuumwa, na pengine huchelewa zaidi. Kwa hiyo familia iliyokaa mjini juma moja huugulia nyumbani, mbali na mji, mahali ambapo hakuna anayefikiria malaria. Nadhani mmeona hatari ilipo.

Mahali pa kulala

Wengi wetu hatulali hotelini. Tunafikia kwa ndugu Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara au Tegeta, na ndugu wa kitanzania hamkatai mgeni. Wenye nyumba hulala vitandani ndani ya vyandarua, na watoto wageni hutandikiwa mkeka na godoro sebuleni, bila chandarua, chini ya feni inayozimika umeme ukikatika. Huyo mtoto wetu ndivyo alivyolala.

Chukueni chandarua chenu chenye dawa kutoka nyumbani. Kikikunjwa vizuri huingia katika mfuko mdogo. Chukueni na kamba nne ndefu pamoja na misumari michache, maana sebuleni hakuna pa kukifunga. Kamba moja yaweza kufungwa dirishani, nyingine kwenye mlango, nyingine kwenye kabati. Kikishafungwa, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Shangazi hatakasirika mkimweleza kwa heshima. Mwambieni hivi: "Shangazi, sisi huko kwetu malaria hatuijui, ikitupata hutuangusha." Atawasaidia kupiga misumari.

Mbu wa malaria huuma usiku. Basi jioni wavisheni watoto suruali na mikono mirefu, na wasicheze barazani hadi saa nne. Mwezi wa sita mvua za masika zimekwisha kunyesha na madimbwi yapo, kwa hiyo msidhani kwamba kwa kuwa joto limepungua mbu nao wamepungua. Mama mjamzito asisafiri kwenda pwani kabla ya kupita kliniki kuuliza habari ya vidonge vyake vya kinga. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu naye aonwe na mganga kwanza.

Kuna mbu mwingine, mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyo huleta homa ya dengi, iliyosumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kwa sababu yake, mtoto mwenye homa aliyetoka mjini asipewe aspirini, diklofenaki wala brufeni, maana huweza kuzidisha kutoka damu. Panado yatosha, kwa kipimo cha uzito wake, huku mkienda kupima.

Njiani na mjini

Safari ya basi ni ndefu, na kona za mlima Kitonga zimewatapisha hata mapadre. Mtoto anayechafukwa akae viti vya mbele, atazame nje mbali, asisome wala kuchezea simu. Ale kidogo kabla ya safari. Njaa kali na shibe kubwa vyote humchafua. Dawa ya kuzuia kutapika iitwayo promethazine isipewe mtoto wa chini ya miaka miwili, hata kama muuza duka atasema ni salama. Karanga na pipi ngumu wasipewe watoto wadogo gari likienda, basi likifunga breki ghafla zaweza kuingia katika njia ya hewa. Mkifika mbuga ya Mikumi wapisheni dirishani. Tembo na twiga wa barabarani hawalipiwi kiingilio.

Mjini pangeni mambo machache. Baba mmoja alinieleza kwa fahari kwamba kwa siku moja waliona feri ya Kigamboni, Kariakoo, Makumbusho ya Taifa, viwanja vya Sabasaba na Coco Beach. Nikamwuliza watoto walikula saa ngapi. Akacheka. Mtoto aliyechoka na mwenye kiu hukumbuka kiu tu. Mahali pawili kwa siku panatosha: asubuhi mapema kungali na ubaridi, kisha alasiri. Mchana kaeni kivulini, mle, mlale kidogo. Pelekeni watoto Makumbusho wasikie habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, kisha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu karibu na bandari, lililoanza kujengwa mwaka 1897 na kumalizika mwaka 1902. Mkiwa na siku ya ziada, nendeni Bagamoyo kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Huko pametulia, na watoto wanaweza kukimbia bila kuogopa magari.

Masweta yaacheni ndani ya begi. Nimeona watoto wa huku wamevalishwa sweta mjini saa sita mchana kwa sababu ndiyo nguo yao nzuri. Wanyweshwe maji mara kwa mara bila kungoja waombe. Mkojo ukiwa wa njano iliyoiva, maji hayatoshi. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua.

Maji yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa mbele yenu. Barafu na juisi za ndoo ziacheni zipite, hata watoto wakilia. Mihogo ya kukaanga ikitoka motoni haina neno. Kachumbari iliyoshinda juani ndiyo yenye neno. Mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, changanyeni vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, kwa lita moja. Mwingizeni na zinki kutoka kituo cha afya, na kunyonya kusikatizwe. Choo kikiwa kama maji ya mchele na kikitoka kwa wingi, huo waweza kuwa kipindupindu: nendeni hospitali saa hiyo hiyo, mkiendelea kumnywesha njiani.

Baharini mtoto asipite magoti yake bila mtu mzima aliyemshika mkono. Namaanisha aliyemshika, siyo anayemtazama toka mkekani. Sisi tumezoea mito yetu. Bahari huvuta mchanga chini ya mguu. Akizama na kutolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini kutoa maji. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni na kumbonyeza kifua, mwingine akiita msaada.

Kuhusu kupotea: watoto wengi wadogo wakiulizwa jina la baba husema "Baba". Wafundisheni majina yenu kamili kabla ya safari, na mwandike namba ya simu kwenye kitambaa kilichoshonwa ndani ya shati. Kariakoo na Sabasaba ndiko hasa mtakakokihitaji.

Mkisharudi

Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapotaka mshike. Homa yoyote baada ya kurudi, hata kama jirani zenu wote wana mafua, ni malaria mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Msimeze dawa mlizobakiza. Msikumbuke klorokwini ya zamani. Iliachwa nchini mwaka 2001 kwa kuwa vimelea viliishinda. Nendeni kituoni siku ile ile, na neno la kwanza kumwambia mhudumu liwe hili: "Tumetoka Dar es Salaam tarehe fulani." Mwombeni apime malaria. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu ya kidole, na majibu hupatikana ndani ya nusu saa. Kikionyesha hakuna na homa ikaendelea, rudini kesho yake kupima tena.

Kikionyesha malaria, dawa mseto humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula au maziwa. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, hata kama itawalazimu kumwamsha mtoto usiku. Akipona siku ya pili, endeleeni mpaka vidonge viishe. Akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida, akikojoa mkojo mweusi au akipata degedege, huyo si wa vidonge. Ni wa kulazwa, usiku au mchana.

Homa nyingi hutokea mwezi wa kwanza, lakini chache huchelewa hata miezi mitatu. Siku hizi nawaomba wazazi waitie duara tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya Jimbo iliyo ukutani, na waandike pembeni "Dar". Mtoto akiugua, mlete kalenda.