UNAUZA RIMU MTANDAONI? ULIZA SENSA KWANZA

Wadau, somo la leo nimelilipia. Niliuza rimu 4 za mtumba na tairi zake kwa mteja wa Geita. Akafunga, taa ya upepo ikawaka kwenye dashibodi, haizimi. Na upepo upo wa kutosha! Mzigo ukarudi Mwanza, nauli juu yangu.

Kosa langu? Gari yake inatumia sensa za upepo. Zinakaa ndani ya rimu, pale pa kujazia upepo, na zinaipa gari taarifa kwa mawimbi ya redio. Rimu zangu hazikuwa nazo, na sikumuuliza.

Kabla hujapost:

1. Fundi tairi aangalie ndani kama sensa zipo.
2. Soma namba. Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia 315 MHz, za Ulaya 433. Hazisomani.
3. Uliza umri. Betri hudumu kama miaka 5 hadi 10, ikifa kwa kawaida unanunua sensa nyingine.
4. Mteja ana sensa nzima? Mshauri fundi wake azihamishie kwenye rimu mpya, kama zinaingia.

Kwenye tangazo andika wazi: "HAZINA SENSA" au "SENSA 315". Mteja akijua mapema, mzigo haurudi.