Barua za Wafanya Biashara wa Ashuru



Mwalimu mmoja wa mtaa alikuwa akifundisha Mwanzo 2:14, panapotajwa mto Hidekeli pamoja na Ashuru. Akaweka kidole juu ya ramani. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, twajuaje miji ya kale ilikuwa wapi?" Mwalimu akanyamaza. Swali hilo si la utovu wa imani, lastahili jibu.

Yapata miaka 3,900 iliyopita, wafanya biashara wa mji wa Ashuru, uliokuwa kando ya Hidekeli katika nchi iitwayo leo Iraki, walipakia punda bati na nguo. Walikwenda kama kilometa 1,000 mpaka Kanesh, katika Uturuki ya leo, wakapeleka kwao fedha na dhahabu. Barua zao waliziandika juu ya vibao vya udongo, wakavifunika kwa bahasha za udongo na kuzipiga muhuri. Mwaka 1925 Bedřich Hrozný, mtaalamu Mcheki, alipata mahali vilipofukiwa, chini ya kilima cha Kültepe. Hata leo vimepatikana zaidi ya 20,000.

Waandishi hao hawakukusudia kufundisha habari za nchi. Lamassi alimwandikia mumewe, Pushu-ken, habari za nguo alizompelekea. Wengine waliandika gharama za safari: ushuru, malazi, chakula cha punda. Lakini mwenye kuandika gharama hutaja mji baada ya mji, kama alivyopita. Basi, mji usiojulikana ukitajwa baina ya miwili inayojulikana, twajua upande wa kuutafuta. Milima na vivuko vya mito huzidi kutuongoza, maana punda mwenye mzigo hapiti kila mahali. Mwaka 2019 wataalamu wanne walichapisha hesabu ya safari zilizotajwa katika vibao hivyo, wakakadiria mahali pa miji 11 iliyopotea.

Walakini kukadiria si kujua. Mji wa Purushattum wengine huuweka Acemhöyük, wengine mbali zaidi upande wa magharibi. Kanesh hatuna shaka nao, kwa kuwa barua zenyewe zilifukuliwa katika nyumba za wale walioandikiwa.

Ndugu walimu, tujifunze hapa mambo mawili. Kwanza, barua hizi zatuonyesha njia za biashara. Hazisemi neno juu ya safari ya Ibrahimu. Tusizisingizie ushuhuda wasioutoa, maana Neno la Mungu halihitaji kutetewa kwa uongo. Pili, Kumbukumbu la Torati 19:15 latuagiza kuthibitisha neno kwa mashahidi wawili au watatu. Ndivyo tufanye mbele ya ramani pia. Lililothibitika tuseme, "Twajua." Linalokisiwa tuseme, "Yadhaniwa." Lisilojulikana tukiri, "Hatujui." Mwanafunzi aliyesikia mwalimu wake akikiri hivyo atamwamini zaidi siku atakaposema, "Hili ni kweli."