Ngozi ya Fundi na Mafuta ya Kukatia Chuma
Kijitabu cha Tahadhari kwa Karakana za Kukereza Vyuma

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya mafundi wanaokereza, kutoboa na kusaga vyuma, wawe katika karakana kubwa za reli za Morogoro na Nairobi au katika vibanda vya Gerezani, Dar es Salaam. Na kadhalika kwa ajili ya mabwana wa karakana hizo, ambao ndio wenye mamlaka ya kununua, kuchanganya na kumwaga ule umajimaji unaomiminikia ncha ya kisu cha mashine ili kuipoza, kuilainisha na kuiondolea chenga za chuma. Mafundi huuita kulanti, na madhali hauunguzi wala haumchomi mtu aushikapo, aghalabu hudhaniwa kuwa hauna dhara. Dhana hiyo ndiyo tunayokusudia kuiondoa.

Ngozi ya mwanadamu imekingwa na utando mwembamba wa chembe zilizokufa, zilizoshikanishwa kwa mafuta ya asili, na uso wake una uchachu kidogo, kiasi cha pH 5. Ilhali kulanti ya kuchanganywa na maji hutengenezwa makusudi iwe ya alikali, kwa kawaida baina ya pH 8.5 na 9.5, ili chuma kisishike kutu. Basi mkono unaolowa na kukauka, ukalowa tena na kukauka, tangu asubuhi hata jioni, huliwa kinga yake kidogo kidogo, kama ukuta wa udongo unavyoliwa na manyunyu, na chenga zilizo ndogo mno kuonekana huukwaruza utando huo, zikazifungulia mlango dawa za kuzuia uozo zilizotiwa kwenye kulanti, pamoja na nikeli, kromu na kobalti zilizoyeyukia humo. Maradhi yatokeayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ukavu, muwasho na mipasuko, khususan baina ya vidole na migongoni mwa mikono, nayo hupoa fundi akipumzika. Ya pili ni mzio, ambao ukishaingia mwilini aghalabu haumtoki mtu maishani, hata kiasi kidogo tu kikatosha kumrudishia mateso miaka mingi baadaye, na wako mafundi stadi walioiacha kazi yao kwa sababu hiyo.

Mafuta halisi, yasiyochanganywa na maji, yana dhara jingine: huziba vinyweleo na kutoa vipele mikononi na mapajani, hasa pale ovaroli iliyolowa inaposuguana na ngozi. Tena yako makubwa kuliko hayo. Wasokota pamba wa Lancashire, Uingereza, waliofanya kazi na nguo zilizolowa mafuta ya mitambo, walipatwa na saratani ya ngozi ya korodani, na mwaka 1922 madaktari wa Manchester waliuandika uhusiano huo bayana. Baadaye maradhi yale yale yakaonekana kwa mafundi wa mashine za vyuma. Mwaka 1968 mahakama ya huko ilitoa hukumu katika shauri la mjane wa fundi mmoja, ambaye kazi yake ilimlazimu kuinamia mashine zilizochuruzika mafuta hadi akafa kwa saratani hiyo: mwajiri alionekana ana taksiri, kwa kuwa daktari wa kiwanda, naye akiijua hatari, hakuwapa wafanyakazi onyo la maandishi wala hakuwawekea uchunguzi wa mara kwa mara. Kumficha mtu hatari ili asitishike si huruma. Mafuta yauzwayo leo kwa kazi hii, yakiwa yamesafishwa sana, hayana hatari kiasi kile. Lakini oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo baadhi ya karakana huitumia badala yake kwa kubana gharama, imebeba sumu za jamii ile ile, wala haifai kabisa kugusa ngozi.

Mzigo wa kwanza wa kinga ni wa mwenye karakana. Kulanti ichanganywe kwa kipimo cha mtengenezaji, mathalan sehemu 5 katika 100, mafuta yakitiwa kwenye maji, si maji kwenye mafuta; na ikumbukwe kwamba katika joto letu ni maji yanayopaa, mafuta yakabaki, hata mchanganyiko uliokuwa salama Jumatatu ukawa mkali Ijumaa bila ya mtu kuongeza kitu, ndipo kifaa kidogo kiitwacho refraktomita kinapostahili kununuliwa. Harufu ya uozo baada ya mashine kulala siku mbili ni dalili ya bakteria, nayo huondolewa kwa kuimwaga kulanti mahali panaporuhusiwa na kusafisha tangi, si kwa kumimina dawa kwa kukisia, kwani dawa iliyozidi ndiyo iletayo mzio. Mashine iwekewe kikinga cha marasharasha, na sabuni na maji safi viwe karibu.

Juu ya glavu twataka tusikike vyema: fundi aliyesimama mbele ya mashine inayozunguka asivae glavu, kwani hunaswa zikavuta mkono mzima. Wakati wa kuchanganya kulanti au kuosha tangi, mashine ikiwa imezimwa, avae glavu ndefu za nitrili. Tambara la kufutia lililojaa chenga lisitiwe mfukoni, wala mikono isioshwe kwa petroli, mafuta ya taa au thina, ambavyo huimalizia ngozi kinga iliyosalia. Ovaroli iliyolowa ibadilishwe siku ile ile.

Vitabu vya Ulaya humwambia mgonjwa atazame wekundu, ambao katika ngozi nyeusi mara nyingi hauonekani. Fundi wetu na atazame weusi uliozidi, ukavu wa kijivujivu, unene na mikwaruzo ya kujikuna, na aangalie kama hali hupata nafuu wakati wa likizo na kurejea kazini pamoja naye. Asijipake malhamu za dukani zinazofunika dalili. Aende kwa daktari akiwa na jina la kulanti kama lilivyoandikwa kwenye pipa, na karatasi ya maelezo ya usalama ambayo mwajiri hupewa na muuzaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya mwaka 2003 kwa Tanzania na ya mwaka 2007 kwa Kenya, imemfaradhishia mwajiri kuwafahamisha wafanyakazi hatari za kazi yao. Basi fundi akiiomba karatasi hiyo, apewe siku ile ile.