Magunia ya mpunga na kitabu cha Al-Khwarizmi

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa Ifakara kwenye kikao cha mirathi cha jamaa zangu. Niliitwa kwa kuwa nimesoma hesabu, si kwa kuwa ni mwanachuoni, na nakiri nilikwenda nikidhani ni kazi ya dakika kumi.

Marehemu alikuwa akilima mpunga katika shamba la kukodi ng'ambo ya mto Kilombero. Mkewe na wazazi wake walikwishatangulia mbele ya haki, akaacha watoto wawili wa kiume. Baada ya mazishi na kulipa madeni, yalibaki magunia 10. Mtoto mkubwa alikuwa amekopa kwa baba yake magunia mengine 10, akayauza, biashara ikafa, hana kitu. Aidha, marehemu aliusia theluthi ya mali yake apewe yatima aliyemlea. Yatima wa kulea harithi, lakini wasia usiozidi theluthi ni haki yake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mdogo alisema theluthi ihesabiwe kwenye magunia 10 yaliyopo, yatima apate matatu na kidogo. Mzee mmoja akasema deni nalo ni mali, hivyo mali ni magunia 20 na yatima apate sita na zaidi. Mimi na hesabu zangu nikakaa kimya. Kikao kikavunjika, na yule kijana amekaa mlangoni anasikiliza.

Niliporudi Dar es Salaam nilikuta mas'ala hayo hayo, ila kwa dirhamu, katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Aliandika Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun. Kutokana na neno al-jabr la jina la kitabu hicho ndipo tulipopata aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu ni wasia na mirathi, jambo ambalo mwalimu wangu wa sekondari hakupata kulitaja.

Njia yake ni hii. Fungu la mdaiwa hulijui, liite "kitu", shay kwa Kiarabu. Hakabidhiwi mkononi, linakatwa kwenye deni lake, na kwa kukatwa huko linahesabika limeingia katika mali. Basi mali ni 10 na kitu. Ondoa theluthi ya wasia, kinachobaki wagawane ndugu wawili: kila mmoja apata theluthi ya 10 na theluthi ya kitu. Lakini fungu la mdaiwa ndilo kitu chenyewe. Kwa hiyo theluthi mbili za kitu ni sawa na theluthi ya 10, na kitu ni 5.

Frederic Rosen, aliyechapa kitabu hiki London mwaka 1831 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, alidai kuwa majawabu mengi ya sehemu hiyo si sahihi kihisabati, eti mwandishi anajiongezea masharti yasiyokuwemo katika swali. Ilipita zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1938 Solomon Gandz, mtafiti wa Kiyahudi, alionyesha kuwa masharti hayo ndiyo sheria yenyewe ya Kiislamu. Al-Khwarizmi hakukosea; msomaji wake ndiye hakujua fiqhi.

Roshdi Rashed, Mmisri aliyefanya utafiti wake Paris, alikitoa upya kitabu hicho mwaka 2007 kwa Kiarabu na Kifaransa. Yeye anauliza swali la kifalsafa: upya wa aljebra uko wapi? Jibu lake ni kuwa "kitu" si namba tu wala si umbo tu. Chaweza kuwa chochote kati ya hivyo, na kanuni inabaki ile ile. Ndiyo maana niliweza kuondoa dirhamu za Baghdad na kuweka mpunga wa Ifakara.

Nilirudi na daftari. Sheikh wa pale aliipitia hesabu mara mbili, akaikubali. Yatima alipewa magunia 5, mdogo 5, mkubwa hakubeba kitu. Akauliza kama deni limekwisha. La, yalibaki 5, naye theluthi yake imo humo. Msimu uliofuata, kwa gunia la debe 6, alipeleka debe 10 kwa yatima na debe 10 kwa mdogo wake.