Ijue Callopsis, Mmea Mdogo wa Misitu ya Kwale

Wakaazi wengi wa Kwale wanajua kuwa Shimba Hills ndiko anakoishi palahala, mnyama ambaye hapa Kenya hapatikani porini kwingineko. Wachache wanajua kuwa chini ya miti ya misitu hiyo hiyo kuna mmea adimu ambao duniani kote humea Kenya na Tanzania pekee. Jina lake la kisayansi ni Callopsis volkensii. Katika somo la toleo hili tutajifunza kuutambua na sababu za kuulinda.

Ni mmea wa aina gani?

Callopsis ni wa jamii ya majimbi, ambayo wanasayansi huiita Araceae. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Adolf Engler, ndiye aliyeuelezea kwa mara ya kwanza mwaka wa 1895. Sehemu ya pili ya jina inamkumbuka Georg Volkens, Mjerumani mwenzake aliyekusanya mimea Afrika Mashariki miaka hiyo. Ndani ya jamii ya majimbi mna mimea maelfu, lakini Callopsis uko peke yake katika kundi lake. Ukitoweka, hakuna ndugu wa karibu atakayebaki kushika nafasi yake.

Jinsi ya kuutambua

Mmea huu ni mfupi, kiasi cha shubiri moja hivi. Shina lake hutambaa ardhini chini ya majani makavu, mfano wa tangawizi, na kutoka hapo huchipuza majani ya kijani yanayong'aa, yenye umbo la moyo.

Usiuchanganye na majimbi machanga. Geuza jani la jimbi utaona kikonyo chake kimeshika upande wa nyuma, ndani kidogo ya ukingo. Kikonyo cha Callopsis hushika pale pale penye pengo la moyo.

Ua lake ndilo hushangaza wengi. Kile kinachoonekana kama petali moja nyeupe si petali, bali ni jani maalumu lililobadilika. Maua yenyewe ni madogo sana na yamepangwa kwenye kijiti kinachofanana na gunzi dogo la mahindi. Maua ya kike yako chini, ambapo kijiti kimegandamana na lile jani jeupe. Ya kiume, yenye rangi ya manjano, yako juu.

Onyo: usiutafune wala usiwaache watoto wauchezee. Mimea mingi ya jamii hii ina chembe kali kama sindano ndogo zinazowasha mdomo na koo. Ndiyo maana hata majimbi hayaliwi mabichi.

Kwa nini uko hatarini?

Callopsis hupenda kivuli na unyevu wa chini ya miti mikubwa. Miti ikikatwa kwa ajili ya makaa, mbao au nguzo, jua hufika ardhini, udongo hukauka na mmea hufa. Na kwa kuwa hutambaa polepole, hauwezi kuvuka shamba au barabara kwa shina lake ili uhamie kipande kingine cha msitu.

Hatari nyingine ni kung'olewa kwa ajili ya mapambo. Mmea mwingine wa jamii hii unaomea pwani yetu, Zamioculcas, leo umejaa katika ofisi na nyumba za watu ulimwenguni. Huo huzalishwa kwa wingi katika vitalu. Mmea adimu ukichimbwa msituni, kila mche unaotoka ni pengo lisilozibika kwa urahisi.

Manufaa yake kwetu ni yapi?

Msitu unaohifadhi Callopsis ndio unaohifadhi maji. Chemchemi za Marere katika Shimba Hills hupeleka maji hadi Mombasa. Wazee wa kaya walilijua jambo hili tangu jadi, wakakataza kukata miti katika misitu yao. Mwaka wa 2008, UNESCO iliziweka kaya kadhaa za Wamijikenda, ikiwemo Kaya Kinondo, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Ukiuona, fanya hivi

1. Usiung'oe wala usikate shina lake. Kuchukua mimea katika hifadhi bila kibali ni kosa.
2. Piga picha ya jani, ua na mahali ulipo.
3. Mwarifu afisa wa KFS au KWS aliye karibu nawe, au wazee wa kaya ikiwa uko katika msitu wao.
4. Usitangaze mahali penyewe mitandaoni. Wanaotafuta mimea ya kuuza nao husoma.
5. Kama shamba lako limepakana na msitu, acha miti ya mpakani isimame na usizoe majani makavu yaliyo chini yake.

Walimu wanaweza kutumia somo hili darasani kwa kulinganisha jani la jimbi na picha ya jani la Callopsis. Mtoto anayeujua mmea huu leo ndiye atakayeulinda kesho.