KUNUNUA PLOTI YA KWANZA: TUSIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA
Somo la kikundi



Vikundi vingi vimeniuliza swali moja: "Sisi tumeweka akiba, sasa tunataka kununua mahali pa kujenga. Tuanze wapi?" Ni swali zuri. Kwa wengi wetu ploti ya kwanza ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote tutakavyowahi kununua maishani. Ukinunua kuku mgonjwa, hasara ni ya wiki moja. Ukinunua ploti yenye kasoro, hasara hiyo watairithi watoto.

Somo hili linahitaji mikutano miwili. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Msiruke maswali.

KISA

Mwaka 2016 nilikuwa nikisaidia kikundi kimoja cha akina mama. Walikuwa wanachama 18, na kila mmoja alitoa shilingi 200 kwa wiki. Kwa muda wa karibu miaka miwili walifikisha shilingi 360,000. Nia yao ilikuwa kununua nusu eka na kuwajengea wanachama watatu, wajane, waliokuwa wakipanga vyumba kule sokoni.

Mzee mmoja akajitokeza. Alikuwa na haja ya pesa, sisi tulikuwa na haja ya shamba. Alitaka shilingi 350,000. Mapatano niliyaandika mimi mwenyewe kwa mkono. Mzee akatia kidole gumba, mashahidi wawili wakatia sahihi, na wote wawili walikuwa wa upande wetu. Tukamhesabia shilingi 200,000 taslimu juu ya meza. Nilifikiri kwa vile nina diploma, basi na karatasi yangu ina nguvu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na vigingi na seng'enge. Tukamkuta mama mmoja akipalilia maharagwe. Akatusalimia vizuri, akauliza, "Mmepotea njia, mama zangu?" Tukamweleza. Alikuwa mke wa yule mzee, na hakuwa ameambiwa lolote. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale katikati ya mistari ya maharagwe, akasema, "Sasa watoto wangu watalima wapi?"

Mwenyekiti wetu naye alikuwa amefukuzwa kwake mumewe alipofariki. Aliweka seng'enge chini, akasema, "Wenzangu, tumekuja kumfanyia huyu yale tuliyofanyiwa sisi." Tukarudi nyumbani kimya.

Ndipo tukaenda ofisi ya ardhi, jambo ambalo tungefanya kwanza. Shamba halikuwa hata kwa jina la mzee. Lilikuwa bado kwa jina la baba yake aliyekwisha kufa, na ndugu zake wanne walikuwa na haki humo. Kurudishiwa pesa kulichukua miezi 14, kidogo kidogo, mbele ya wazee. Shilingi 20,000 hatukuziona tena. Kwa wale wajane watatu, hiyo ilikuwa miezi 14 zaidi ya kulipa kodi ya nyumba.

MASWALI YA KUANZIA
1. Katika kisa hiki, ni nani waliumia?
2. Sisi wanunuzi tulikosea wapi?
3. Je, jambo kama hili limewahi kutokea hapa kwetu?

(Jadilianeni kwanza. Kisha endeleeni kusoma.)

KARATASI IPI NI KARATASI?

Watu watakuonyesha karatasi nyingi. Jifunze kuzitofautisha.

Hati miliki ndiyo inayotolewa na msajili wa ardhi. Inaonyesha namba ya shamba, ukubwa na jina la mwenyewe. Hata hivyo, hati iliyo mkononi mwa muuzaji ni nakala tu ya habari zilizo katika rejista. Inaweza kuwa ya zamani, inaweza hata kuwa ya kughushi. Ukweli unatafutwa kwenye rejista.

Barua ya mgao kutoka serikalini ni ahadi ya kupewa ardhi kwa masharti fulani. Sio hati miliki. Ndivyo ilivyo pia kwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba: kinaonyesha kwamba mtu ana hisa, lakini hakionyeshi kwamba ana shamba lenye mipaka.

Mapatano yaliyoandikwa kwa chifu au kwa wazee ni ushahidi mzuri wa mazungumzo. Lakini chifu hana uwezo wa kuhamisha ardhi kutoka jina moja hadi jingine.

Na hata hati miliki yenyewe ina mzizi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya ploti iliyo karibu na ufuo wa bahari huko Mombasa. Mahali hapo palikuwa ardhi ya umma, kisha pakagawiwa mtu bila kufuata sheria, kisha pakauzwa na kuuzwa tena. Mnunuzi wa mwisho alikuwa na hati, lakini mahakama ilisema hati haimkingi mtu ikiwa mgao wa kwanza ulikuwa mbovu. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo nyumba nyingi zilibomolewa kule Mavoko, Kaunti ya Machakos, kwenye ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua ni ya kampuni ya saruji. Wengi wa wenye nyumba walikuwa wamenunua kwa pesa zao halali. Kwa hiyo tusiulize tu, "Hati iko?" Tuulize pia, "Ilitoka wapi?"

HATUA SABA ZA KUFUATA

1. Tembea shambani, tena zaidi ya mara moja. Nenda wakati wa kiangazi na wakati wa mvua. Maji yatasimama hapo? Barabara inafika, au utapita kwa jirani? Zungumza na majirani wa pande zote bila muuzaji kuwepo. Ukimkuta mtu analima hapo, muulize analima kwa ruhusa ya nani. Hii haigharimu hata senti moja, na ingetuokoa sisi.

2. Fanya sachi. Yaani, omba ofisi ya ardhi ikupe maelezo rasmi ya rejista. Utaona jina la mwenyewe, ukubwa, kama shamba liko rehani kwa benki, na kama kuna mtu aliyeweka zuio. Siku hizi maombi mengi hufanywa kwa mtandao wa eCitizen. Mfumo mwingine wa Ardhisasa ulianzia Nairobi mwaka 2021. Uliza ofisi ya kaunti yenu wanatumia upi. Jambo muhimu: fanya sachi mwenyewe au kwa wakili wako. Usikubali kuletewa karatasi ya sachi na broka ama muuzaji. Na siku chache kabla ya kulipa pesa za mwisho, rudia sachi tena.

3. Mlete mpima ardhi mwenye leseni. Aje na ramani, atafute bikoni, apime. Ploti nyingine huonyeshwa mahali pamoja na hati yake iko mahali pengine. Kama unauziwa kipande cha shamba kubwa, ujue kwamba hati ya kipande chako bado haijazaliwa. Lazima shamba ligawanywe rasmi kwanza.

4. Hakikisha nyumba nzima ya muuzaji imekubali. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini ya mke au mume. Kutaneni na mwenzi huyo ana kwa ana. Msitosheke na maneno, "Mama anajua." Aseme mwenyewe kwa mdomo wake, kisha atie sahihi.

5. Andikeni mapatano kwa wakili. Kwa sheria yetu ya mikataba, mauzo ya ardhi lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi iwe na shahidi wake. Mnunuzi awe na wakili wake, asitumie wa muuzaji. Kwa kawaida hutolewa kwanza sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 10, na zinazobaki hulipwa hati za kuhamisha zikiwa tayari. Lipa kupitia benki ili alama ibaki. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Nendeni Bodi ya Ardhi. Kwa mashamba ya kilimo, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka kibali cha bodi, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mapatano. Bila kibali, sheria inayahesabu mapatano kuwa bure. Kinachobaki ni kudai pesa zako kama deni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Pale kwenye bodi, mwenzi na watoto wa muuzaji wanaweza kusema kama wana malalamiko. Msikione kikao hicho kuwa usumbufu. Ni kinga yenu pia.

7. Lipa ushuru wa stempu, sajili, upate hati. Mpaka jina lako liingie kwenye rejista, wewe bado si mwenyewe. Wako watu waliomaliza kulipa, wakajenga, wakakaa miaka 20, na shamba bado liko kwa jina la muuzaji. Akifa, wanaanza upya na warithi wake.

SHAMBA LA MAREHEMU

Hapa ndipo wengi huanguka. Kama jina lililo kwenye hati ni la mtu aliyefariki, hakuna mtoto, mjane wala ndugu anayeweza kuliuza vivi hivi. Sheria ya Urithi inakataza kuingilia mali ya marehemu bila ruhusa ya mahakama. Na hata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama haruhusiwi kuuza ardhi mpaka uteuzi wake uthibitishwe. Ukiambiwa, "Tutamaliza mambo ya mahakama baadaye, wewe lete pesa," jibu ni moja tu: "Malizeni, mimi nangoja." Kama pesa zako ni halali, hazitaoza.

KIKUNDI KIKINUNUA PAMOJA

Msiandikishe shamba kwa jina la mwenyekiti peke yake, hata kama ni mtu mwema namna gani. Leo ni mwema, kesho hayupo, na watoto wake hawakuwa kwenye mikutano yenu.

Ulizeni wakili kuhusu njia mbili za kumiliki. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifa sehemu yake huwaendea waliobaki. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana sehemu yake, na akifa huwaendea warithi wake. Tofauti hii ni kubwa sana. Kama mnaandikisha majina ya wadhamini wachache kwa niaba ya wote, iandikwe wazi kwamba ni wadhamini. Weka kumbukumbu za kila mchango, kila mwanachama na kila sahihi. Katibu awe na nakala, na mtu mwingine awe na nakala nyumba tofauti.

PIGENI HESABU YOTE

Bei ya ploti sio mwisho. Ushuru wa stempu ni asilimia 2 mashambani na asilimia 4 mijini, kulingana na thamani inayokubaliwa na mthamini wa serikali. Ploti ya shilingi 600,000 mashambani itadai shilingi 12,000 za ushuru. Ikiwa mjini ni shilingi 24,000. Ongeza wakili, mpima ardhi, sachi, bodi na usajili. Kikundi kikimaliza akiba yote kwenye bei, hakitakuwa na pesa za kupata hati, na hapo ndipo watu hukata njia za mkato.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Je, kuna mwanachama ambaye anakaa mahali palipo kwa jina la mtu mwingine? Anaweza kuanza na hatua gani mwezi huu?
2. Broka akituambia, "Kuna mwingine anakuja na pesa kesho," tutamjibu nini?
3. Kwetu, wanawake wanasikilizwa shamba likiuzwa? Kama sivyo, sisi tutafanya nini?

KAZI YA KUFANYA
Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume kama kikundi kina wote. Waende ofisi ya ardhi ya kaunti, waulize namna ya kufanya sachi, ada yake na siku ambazo bodi hukaa. Walete ripoti mkutano ujao, na iandikwe kwenye kitabu.

Pengine mnauliza, wale akina mama 18 walifikia wapi? Walinunua mahali pengine baada ya miaka mitatu, padogo kuliko pale pa kwanza. Safari hii mke wa muuzaji ndiye aliyetutembeza mipakani. Wajane wawili wamejengewa vyumba viwili viwili. Wa tatu alikuwa amehamia kwa binti yake mjini, kwa sababu kodi ilimshinda kabla hatujafika. Huyo ndiye ninayemkumbuka kila ninapofundisha somo hili. Haraka yetu ya siku moja ndiyo iliyomchelewesha.

Nawatakia mikutano mema na subira.

Mimi wenu katika kazi ya maendeleo.