Pishi ya Umeme

Muuza nafaka huhitaji pishi isiyozidi wala kupungua. Vivyo hivyo chipu ipimayo joto katika friji ya chanjo huhitaji volteji isiyobadilika. Ikiyumba, kipimo husema uongo, na chanjo huharibika pasipo mtu kujua.

Nitaeleza jinsi ipatikanavyo. Volteji kati ya besi na emita ya transista ya silikoni hupungua kama milivolti 2 kwa kila digrii moja joto lizidipo. Lakini tukipitisha mkondo ulio sawa katika transista mbili, moja ikiwa kubwa mara 8 kuliko nyingine, tofauti ya volteji zao huongezeka kwa joto. Tuikuze tofauti hiyo kwa kadiri ifaayo, tuijumlishe na ile ipunguayo: hubaki volti 1.2 hivi, joto lipande au lishuke. David Hilbiber alieleza njia ya namna hii mwaka 1964.

Je, betri ikiwa ndogo? Twatia rezista kubwa ili mkondo upungue. Lakini rezista kubwa hula nafasi katika chipu, tena huitikisa volteji kidogo. Basi, kabla hujabana mkondo, jiulize kwanza: kipimo changu chavumilia kosa kiasi gani?